Tapu ya Kumi

Jumatano, 2 Julai

Ukungu tena mpaka mlangoni. Kuni mbichi, uji ukachelewa. Nuru aliamka mara nne, meno ya juu yanamsumbua. Nikamfunga mgongoni, nikashuka karakana. Mzee Yona alikuwa ameshafungua. Shikamoo, marahaba, akanyoosha kidole kwenye majembe sita ya kunoa. Basi. Mzee hana maneno ya asubuhi, na mimi asubuhi sina masikio. Tunaelewana.

Saa nne akaja Mama Sakina, mwenye mashine ya kusaga. Kapu kichwani, ndani ya kapu chuma. Anahema kama amepanda kwa miguu kutoka Mombo. Akakitua, akasema mashine imesimama tangu juzi na asubuhi hii kina mama wamerudi makwao na mahindi yao vichwani.

Ni kile chuma kinachobeba beringi ya mashine. Matundu yake manne ya bolti yamelika. Uzi wa ndani umeisha, bolti inazunguka bila kushika kitu. Mzee akakipapasa, akakigeuza, akakinusa. Huwa ananusa. Akasema dawa ni moja: kupanua matundu kidogo, kisha kukata uzi mpya wa bolti nene zaidi, ya kumi. Halafu akanitazama mimi.

Mikono yake inatetemeka tangu mwaka jana. Akikoroga chai, kijiko kinalia kwenye kikombe. Kukata uzi hawezi tena.

"Atakata Mama Nuru," akasema.

Mama Sakina akaniangalia, akamwangalia na Nuru mgongoni, akauliza kama chuma chake ni cha kujifunzia. Mzee akakiweka chuma juu ya meza. Mimi nikarudi kwenye majembe. Lakini nimesikia.

Alhamisi, 3 Julai

Niandike nisije nikasahau.

Tapu ni kama bolti yenye meno makali. Unaishika kwa mkono wake wa chuma wenye mishikio miwili, unaizungusha ndani ya tundu, inakata uzi ukutani. Zinakuja tatu tatu. Ya kwanza imechongoka, ina mstari mmoja mkiani. Ya pili mistari miwili. Ya tatu haina mstari, hiyo ya kumalizia. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili chenga zivunjike. Ikiwa nzito, rudi. Usilazimishe. Tapu ni ngumu kuliko chuma inachokikata, lakini ukiipinda inakatika kama biskuti, na ikikatikia ndani ya tundu, kazi imekufa. Mzee ana seti moja tu ya kumi, kwenye sanduku la mbao alilotoka nalo kiwanda cha mbao alipostaafu. Nyingine mpaka Tanga.

Vijana wa gereji huita bolti hiyo kumi na saba, kwa namba ya spana. Mzee anaita kumi, kwa unene wake wa milimita. Anasema ukiita kwa spana ni kumpima mtu kwa kofia.

Sheria yake kubwa: mikono ikiwa kwenye tapu, husalimii mtu. Hata akiingia mchungaji. Mwanamke wa kwetu akisalimia anakunja goti kidogo. Goti likishuka mkono unashuka nalo, na tapu inalala. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kisha akasema jambo, akiwa anaangalia nje. Matundu haya manne yakitoka sawa, sanduku la tapu litahamia upande wangu wa meza na kazi zote za uzi zitakuwa zangu. Yakiharibika, sanduku atampa mpwa wake wa Korogwe, ambaye ameliomba mara tatu. Mimi nitabaki na majembe.

Nalitaka. Sijawahi kutaka kitu cha chuma namna hii. Aibu kidogo hata kuandika.

Nimefanya mazoezi kwenye kipande cha chuma bapa. Oili ya karakana imeisha, nikapanda nyumbani kuchukua mafuta ya alizeti, kikombe kimoja cha kahawa. Mama mkwe kaona chupa imeshuka. Akasema siku hizi vyuma navyo vinakaangwa.

Ijumaa, 4 Julai

Mazoezi, matundu sita. Manne mazuri. Mawili bolti imesimama kama mlevi aliyetoka kwenye pombe ya boha. Mzee anasema mizunguko mitatu ya kwanza ndiyo inaamua yote. Ukianza umeinama unamaliza umeinama. Alikuwa na guni ndogo ya chuma ya kupimia wima, ikaazimwa na seremala, seremala akahamia Zirai nayo.

Mama mkwe alienda kusaga kijiji cha bonde la pili. Saa nzima kushuka, kupanda ni zaidi. Amerudi goti limevimba. Nimemkanda kwa maji ya moto. Hakulalamika. Afadhali angelalamika.

Jumapili, 6 Julai

Kanisani nililala kwenye mahubiri. Nuru alimvua kitambaa mama aliyekaa mbele yetu, nikaamshwa na kicheko cha benchi zima. Sijui hata somo lilikuwa lipi. Mungu ana watoto wengi, atanielewa.

Njiani tulikutana na Mama Sakina anatoka kwenye karoti zake, matope mpaka magotini. "Onga mshi," akasema, salamu ya kwetu ya Kishambaa, nami nikampa shikamoo yake. Akataka habari za chuma. Nikamwambia kesho kinaenda kutobolewa mjini, halafu nakata uzi. Akasema kuna fundi wa kuchomelea, huyo anasema anaweza kuziba na kumaliza kwa saa moja. Nikamwambia Mzee kakataa, chuma hicho ni kasti, kimemiminwa kwenye kalibu, ukikichomelea ovyo kinapasuka, na kikipasuka hakuna kingine. Akatikisa kichwa.

"Mke wa Hoza, sina ugomvi na wewe," akasema. "Nakupa mpaka Jumamosi. Jumamosi jioni haisagi, namwita wa kuchomelea, kipasuke kisipasuke."

Nimekasirika njia nzima. Nimekasirika zaidi kwa sababu ana haki. Mahindi yameshakauka, watu wanakula viazi, wazee wanashuka bonde la pili kwa magoti mabovu.

Nilimweleza Hoza wakati anafunga kabeji kwenye viroba. Mume wangu si mtu wa hotuba. Akasema mtoto mwenye homa na meno namshika usiku kucha bila kumwangusha, kwa hiyo haoni kipande cha chuma kitanishindaje. Akaendelea kufunga. Nikamwona mzuri sana.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Wengine wamepumzika. Hoza alikifunga chuma kwenye bodaboda, akakipeleka mjini kwa mtu mwenye drili ya kusimama. Kikarudi saa nane na matundu manne safi, milimita nane na nusu kila moja. Yanapita mpaka upande wa pili. Ukichungulia unaona mwanga.

Nuru amekataa kunyonya. Kisha nikagundua ni mikono yangu, inanuka chuma. Mama mkwe akanisimamia bombani kama mtoto wa darasa la kwanza: sabuni, limau, majivu, sabuni tena. Akasema fundi niwe karakana, akija mtoto niwe mama yake, na nisichanganye. Nimekubali. Hilo hata mimi ningemwambia mtu.

Kesho naanza.

Jumanne, 8 Julai

Nimeharibu.

Mzee alikwenda msibani. Aliniambia nianze nikiwa tayari. Nikajiona niko tayari. Nilikuwa nimechoka tu, na uchovu ukizidi unajiona jasiri.

Baba yangu ni mwashi. Kuta nyingi za njia ya Kifungilo zimepita mikononi mwake. Nimekua nimemshikia kamba ya timazi. Kwetu hakuna kilicho sawa: shamba limeinama, njia imeinama, jirani yuko usawa wa paa lako. Ukiamini jicho, ukuta unakwenda bondeni. Kwa hiyo unaning'iniza timazi, unangoja itulie, na hapo ndipo wima. Baba alipohamia Mnazi, kwenye joto, kwa ajili ya kifua chake, alinipa timazi yake ya shaba. Inakaa kwenye mkoba wa nepi za Nuru. Sijui kwa nini. Basi inakaa.

Leo nikaona nimepata akili. Guni hakuna, timazi ipo. Nikabana chuma kwenye taya za jiliwa la mezani, nikaning'iniza timazi kwenye boriti, karibu kabisa na tapu. Nikapiga jicho mbele, nikapiga jicho ubavuni. Tapu na uzi wa timazi sambamba. Nikazungusha. Mmoja, miwili, mitatu. Nusu mbele, robo nyuma. Unga wa kasti ukatoka mweusi kama masizi. Mzunguko wa nne ukawa mzito. Nikafikiri labda kasti ndivyo ilivyo. Nikasukuma kidogo.

Ikalia. Kii.

Nikaacha palepale. Nikarudisha taratibu, jasho linanitoka kwenye baridi yote hii. Tapu nzima, haijakatika. Nikatia bolti. Ukilinganisha na uso wa chuma imeinama, inaelekea mlangoni. Inaonekana hata bila kupima.

Nikaitazama timazi. Imetulia. Wima. Bolti imeinama. Sielewi. Timazi haijawahi kunidanganya tangu nikiwa na miaka saba.

Nililia kidogo. Nuru akanikodolea macho kwa mshangao, maana kulia ni kazi yake.

Jumatano, 9 Julai

Nilimwambia Mzee kabla hajavua kofia. Sikutaka aone mwenyewe.

Hakufoka. Akatia bolti, akaiangalia, akaniuliza nilipima kwa kifaa gani. Nikatoa timazi kwenye nepi. Akaishika, akaigeuza kwenye mwanga, akasema ni timazi nzuri. Kisha akachukua gololi ya beringi kwenye kopo akaiweka juu ya uso wa chuma, pale pale jiliwani. Ikakaa kidogo, ikaanza kuviringika, ikaanguka upande wa bondeni, mbali na mlango.

Sikuhitaji kuambiwa. Meza imeinama. Mguu wake wa upande wa bondeni umezama kwenye udongo tangu masika na hakuna aliyejali, kwa sababu majembe hayajali. Meza imeinama, jiliwa limeinama nayo, chuma nacho. Mimi nimesimamisha tapu wima kabisa juu ya kitu kilicholala.

"Timazi yako inauliza dunia," Mzee akasema. "Mimi nataka uulize chuma."

Akaenda zake nje kuvuta tumbaku. Kupitia mlangoni nikamsikia anajiambia, "Mwashi huyo," na mabega yanamtikisika. Alikuwa anacheka. Nilitaka kukasirika nikashindwa.

Alirudi akapima kwa msumari. Uzi ulioharibika ni wa juu tu, mizunguko minne. Chuma pale kina unene wa vidole viwili. Akasema tundu hilo tutalipanua mdomo, tuuondoe ule uzi mbaya, chini itabaki nyama ya kutosha. Halijafa. Lakini jingine likienda hivi, sanduku halitahamia upande wangu. Alisema taratibu, bila ukali. Nilitamani angekuwa mkali.

Nilimpigia baba simu. Alicheka mpaka akakohoa. Alipopata pumzi akasema na yeye angefanya vilevile. Ukuta unasimama juu ya dunia kwa hiyo unauliza dunia. Hakuwahi kufikiria kitu kinachosimama juu ya kitu kingine. Halafu akauliza Nuru ana meno mangapi.

Sasa nauliza chuma kwa kifaa gani? Guni iko Zirai. Siku tatu.

Alhamisi, 10 Julai

Nuru kaamka na homa, sikwenda karakana. Jua lilitoka saa tatu, nikamkalisha kwenye khanga shambani huku napalilia njegere. Mama mkwe ametundika sidii za zamani juu ya njegere ili ndege waogope. Zinazunguka zinamulika. Moja ilikuwa imeanguka, Nuru akaidaka. Ametulia nayo. Homa na yote, akawa anajitazama, anaipiga, anaiongelesha.

Akachukua kijiti, akakichomeka kwenye lile tundu la katikati. Kikasimama kwenye udongo, sidii imelala chini yake. Nikainama kumfuta kamasi na ndipo nikaona. Kijiti kilikuwa kimeinama, na picha yake ndani ya sidii imeinama upande mwingine. Vimekutana vimevunjika kama kiwiko. Nuru akakivuta. Kijiti kikasimama, na picha ikanyooka. Kijiti kimoja kirefu, nusu juu, nusu chini. Akakilaza tena. Kiwiko.

Nikaacha jembe. Nikakisimamisha mwenyewe, nikakilaza, nikakisimamisha. Nuru akadhani tunacheza, akacheka kwa mara ya kwanza leo.

Shamba letu limeinama kama paa. Sidii imelala kwenye mteremko. Haiulizi dunia. Inauliza pale ilipolala.

Nilimwomba Mama mkwe sidii. Akataka kujua ya nini, nikamweleza huku nafunga mbeleko. Akaigeuza akaisoma. Ni ya kwaya yao, aliimba humo mwenyewe, mstari wa nyuma. Akasema kwaya ile imefukuza ndege miaka mitatu mfululizo, kwa hiyo ina uzoefu, niichukue. Akanivua Nuru mgongoni. Homa ikipanda ataniita. Mimi nikimbie.

Nikakimbia. Tapu ya kumi inapita kwenye tundu la sidii na nafasi inabaki. Nikalaza sidii juu ya bapa, upande wa kung'aa juu, nikapitisha tapu, nikainama kutazama mbele, kisha ubavuni. Tapu na picha yake mstari mmoja. Nikakata. Nikatia bolti.

Nikakata tundu jingine, nikatia bolti. Zote mbili zimesimama sawa juu ya bapa. Mzee alikuwa amekaa mlangoni. Akanyoosha mkono apewe bapa. Akazitazama zile bolti muda mrefu. Kisha akaniomba na sidii, akajitazama humo, akasema amezeeka.

Ijumaa, 11 Julai

Nuru amelala usiku kucha. Jino limetoka. Nami nimelala. Nilikuwa nimesahau mtu aliyelala anavyojisikia.

Nimenawa, nimefunga kilemba, nimelaza sidii. Lile tundu bovu nikaliacha liwe la mwisho.

Tundu la pili. Mbele mstari mmoja. Ubavuni mstari mmoja. Nusu mbele, robo nyuma. Baada ya mizunguko mitatu nikaipandisha sidii juu kidogo, nikapuliza unga, nikairudisha, nikatazama tena. Mstari mmoja. Tapu ya kwanza, ya pili, ya mwisho. Bolti ikaingia kwa vidole. Nilisikia raha tumboni, kama mtoto anaposhika ziwa vizuri.

Tundu la tatu vilevile.

La nne, niko katikati, tapu ya kwanza imeshika nusu tu, mlango ukafunikwa. Mama Sakina. Akasimama na kanga yake begani, ananingoja. Umri wa mama yangu. Goti langu likataka kushuka lenyewe. Nikalibana. Macho kwenye sidii. Nusu mbele. Robo nyuma.

"Makubwa," akasema. "Siku hizi tunaingia kama mbuzi."

Masikio yanawaka. Nusu mbele. Mzee angeweza kumweleza, kakaa tu kwenye kigoda chake. Nadhani alitaka kuona. Robo nyuma. Mama Sakina akaguna, akasema kwa sauti ya kumweleza ukuta kwamba mke wa Hoza alilelewa vizuri, sijui kimempata nini. Nusu mbele. Tapu ikafunguka upande wa chini, nikaisikia imekuwa nyepesi. Nikairudisha yote, nikaitoa, nikaiweka kwenye kitambaa.

Ndipo nikageuka, nikakunja goti mpaka chini.

"Shikamoo, mama."

Akanitazama. Akatazama mikono yangu myeusi, akatazama zile bolti zilizosimama. Akasema marahaba, kwa uzito, kama mtu anayerudishiwa kitu chake. Mzee hapo ndipo akamweleza sheria. Mama Sakina akaniambia basi nimalizie, nihesabu yeye hayupo. Akakaa.

Lile bovu lilinichukua mpaka saa tisa. Tukalipanua mdomo kwa drili ya mkono, Mzee anashika taa, mimi nazungusha. Uzi mbaya ukaisha. Sidii, tapu, mbele, ubavuni. Nilikata polepole kuliko yote. Nilirudi nyuma zaidi kuliko nilivyokwenda mbele. Kuna mahali ilisita na mimi nikasita nayo. Nikaitoa, nikasafisha kwa mswaki wa zamani wa Hoza, nikairudisha. Ikapita.

Bolti nne. Mzee akaweka jicho usawa wa uso wa chuma na kuzitazama zikiwa zimejipanga. Hakuna iliyotazama mlangoni.

"Vyedi," akasema, yaani vizuri.

Kishambaa huwa anakitumia kwa vitu vya kweli tu.

Jumamosi, 12 Julai

Tulikifunga asubuhi. Mimi na Hoza tulibeba, Mzee akaelekeza, Mama Sakina akashika spana na kuuliza kila bolti jina lake. Nikakaza kwa zamu, pembe kwa pembe, kila moja kidogo kidogo. Zote zikashika.

Saa tano akawasha. Ikakohoa moshi, ikashika mwendo. Niliweka kiganja juu ya chuma. Kabla ilikuwa inaruka mpaka vumbi linaanguka darini. Leo ilikuwa inaunguruma tu, kama paka. Nikaacha kiganja pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kina mama walikuwa wameshapanga madebe yao tangu asubuhi, habari zimefika kabla yetu. Debe la kwanza lilikuwa la Mama mkwe. Mama Sakina mwenyewe ndiye aliyelivuta mbele. Akatangazia foleni nzima kwamba ukimkuta yule binti ameshika chuma chake usimsalimie, atakusalimia yeye akimaliza, na atakusalimia vizuri.

Wakacheka. Mimi nimeona haya, unga umenijaa puani. Nilikuwa na furaha mpaka nikakaa juu ya gunia la mtu bila kuuliza.

Jumatatu, 14 Julai

Ukungu. Uji umewahi leo, kuni kavu. Nuru amekula uji wa unga wetu, kijiko cha chuma kinagonga jino jipya, anapenda ile sauti.

Nilifika karakana, Mzee alikuwa nje kwenye kijua chembamba, kigoda kikiegemea ukuta. Shikamoo. Marahaba. Hakunyoosha kidole kwenye kitu chochote. Nikaingia. Sanduku la mbao lilikuwa upande wangu wa meza, limefutwa vumbi. Upande wake kuna kopo la gololi tu na kikombe cha chai. Nilifungua nikazihesabu tapu, zote zipo, kila moja na nyumba yake ya kitambaa. Nikafunga.

Sidii nilitaka kuirudisha kwenye njegere. Mama mkwe kakataa, ametundika nyingine. Nimeipigilia msumari juu ya meza. Nuru akiwa mgongoni anaiona, anaiongelesha.

Kazi ya kwanza ya leo sikuambiwa na mtu. Nilimlaza Nuru kwenye kapu. Nikatafuta jiwe bapa mtoni, nikarudi nalo, nikaunyanyua mguu wa meza kwa mtaimbo, nikaliingiza chini yake. Halikutosha, nikaongeza kipande cha mbao. Kisha nikatoa timazi ya baba, nikaining'iniza kwenye boriti karibu na mguu wa meza, nikangoja itulie.

Mzee alichungulia mlangoni. Akaichukua gololi kwenye kopo, akaiweka katikati ya meza.

Ikakaa.